Kikapu Hakirudi Tupu

West Indies, Eldoret
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Dada Apiyo,

Nakusalimu. Natumaini magoti yako yamepata nafuu kidogo na kwamba ng'ombe alizaa salama.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitusaidii tena tangu masikio yako yaanze kuchoka, na sitaki maneno ya nyumba yapitie kinywa cha mtu mwingine. Wilson, yule anayeleta dagaa wa omena hapa kila Jumanne, amekubali kubeba barua. Anasema duka lake la Ndori liko karibu na kwako.

Ni kuhusu kikapu. Kikapu chako bado kiko hapa, kile cha mkonge chenye mshikio uliokatika, ambao Eliakim aliufunga kwa waya wa stima wa rangi ya buluu. Kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni tangu alipokuja nacho Oktoba. Najua kikapu hakirudi tupu, kwenu na kwetu pia. Lakini nimekiangalia wiki nyingi na sijui nitie nini. Omena mnazo. Mahindi mnayo. Mkate utafika umevunjika.

Kuna jambo lingine, na ninaliandika polepole nisikosee. Kwa miaka tisa, kila Eliakim alipotoka kwako Jumapili jioni alikuwa anaweka hicho kikapu mezani na kusema, "Dada amekusalimia." Ndani kulikuwa na njugu, na mboga: saga, managu, siku nyingine mrenda. Nilikuwa nashangaa unazifungaje mpaka zinafika kutoka mbali hivyo bila kunyauka. Alikuwa hanikubalii nizioshe kabla sijazinusa.

Tangu tumzike mume wangu Novemba hakujakuja kitu. Siombi chakula, Dada. Mimi na mwanangu Amolo tunajiweza, ingawa yeye yuko Nairobi na mimi nashona mashuka hapa peke yangu. Nauliza tu kama bado nahesabiwa.

Sikuwahi kukushukuru kwa zile mboga. Eliakim aliniambia watu wa kwenu hawashukuriwi kwa mboga, kwamba ukishukuru unaua mkono wa mpanzi. Kwa hiyo nilinyamaza. Usidhani ilikuwa ni kwa ajili ya yale maneno ya siku ya maziko ya Mama.

Wako,
Edinah Kavetsa


Ndori
Jumatatu, 17 Februari 2025

Kwa Edinah Kavetsa,

Barua yako imefika ikiwa inanuka omena, lakini inasomeka. Ng'ombe alizaa dume.

Kikapu kikae huko. Mara ya mwisho kilipofika kwangu, Oktoba, kilikuwa kimejaa, nami nikakirudisha na njugu na mbegu kama kawaida. Kwa hesabu yangu zamu si yangu. Mtu akiacha kutuma, asiulize kwa nini hatumiwi.

Sikutaka kulisema kwa sababu umefiwa. Lakini mimi pia nimefiwa. Eliakim alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na alivaa viatu vya kwanza akiwa darasa la sita.

Mwalimu Apiyo


West Indies, Eldoret
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Dada Apiyo,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama mlangoni penye mwanga. Unasema kikapu kilikuwa kikija kwako kimejaa. Sikuwahi kukijaza. Nilikuwa nampa Eliakim nauli na shati lililopigwa pasi, basi. Kama alikuwa ananunua sukari njiani kwa jina langu, sikujua, na nisamehe kwa kutojua.

Nataka kukuuliza kitu, na usidhani nakuchunguza. Je, unauza mboga Eldoret?

Juzi nilipeleka shuka kwa Ciku, fundi wa nguo aliye na kibanda nyuma ya kanisa letu, anishonee pindo kwa ile mashine yake kubwa. Chini ya mashine kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni fungu la managu. Dada, lilikuwa limefungwa kama unavyofunga wewe. Ule uzi wa ganda la mgomba, unaozungushwa mara mbili, halafu ncha inarudishwa chini na kuacha kisikio kidogo kama cha kikombe. Nimefungua mafungu ya namna hiyo kwa miaka tisa. Nilikuwa nayahifadhi yale maganda kwenye kopo la majani ya chai, sijui kwa nini.

Nikamuuliza amezinunua wapi. Ciku ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo akawa anatafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake. Akasema ni za rafiki. Nikasema, "Hilo fundo ni la wifi yangu." Akaniangalia sana, akaniuliza, "Mama, kwani wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni mke wa marehemu Eliakim Okumu, karani wa stoo ya nafaka. Akazima mashine. Kisha akaniambia nirudi Jumamosi yoyote saa tisa, nije na viatu vya matope, na nisimwambie mtu.

Nimekwambia wewe tu. Niende?

Kavetsa


Ndori
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwa Mama Amolo,

Siuzi mboga Eldoret. Wala mafungu yangu sifungi kwa mgomba, nafunga kwa nyasi kama kila mtu.

Lile fundo ni la baba yetu. Alikuwa akilitumia kufungia mafungu ya nyasi juu ya paa, na hakumfundisha mtu ila sisi wawili, siku moja ya mvua tulipokuwa tumeshika ngazi. Nilidhani Eliakim amekufundisha wewe. Nilidhani hivyo kwa sababu mboga ulizokuwa unaniletea zilifungwa hivyo.

Ndiyo, mboga. Si sukari. Kwa miaka tisa mdogo wangu amekuwa akifika hapa na kikapu kimejaa saga na managu, akisema, "Kavetsa amelima. Amesema zikufikie kabla hazijanyauka." Hata mrenda, na mimi najua Eldoret ni baridi. Nilitaka kukushukuru kwa barua mwaka ule wa kwanza. Akanikataza. Akasema kwa Wamaragoli mtu hashukuriwi kwa kitu alicholima mwenyewe, ni kama kumdharau, kama kusema hukutarajia ataweza.

Sasa wewe unaandika kwamba hukuwahi kujaza kikapu.

Nimefundisha chekechea miaka thelathini na moja. Mtoto akiniambia hajui, huwa simwangalii usoni, namwangalia mikono. Yako siwezi kuiona nikiwa hapa. Kwa hiyo nenda Jumamosi. Angalia kila kitu, uniandikie kila kitu, hata usichokielewa.

Apiyo


West Indies, Eldoret
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Dada Apiyo,

Nilienda tarehe kumi na tano, na jana nikaenda tena ili niwe na hakika kabla ya kuandika.

Unaijua ile karakana ya mbao ya Mzee Wanyama, kwenye barabara ya kushuka mtoni? Ulipita hapo ulipokuja kwenye ubatizo wa Amolo, ukalalamikia kelele za msumeno. Nimepita hapo miaka ishirini. Nyuma ya karakana kuna mabanzi yaliyorundikwa mpaka juu, na mtu akiyaona anadhani huo ndio mwisho. Ciku akapita ubavuni, akasukuma bati moja ambalo bawaba zake ni ngozi za viatu vikuukuu, nami nikainama nikapita.

Dada, kuna shamba. Linashuka taratibu kuelekea mto Sosiani, na huwezi kuliona kutoka popote, kwa sababu upande mmoja ni ukuta wa ghala na upande wa pili ni michongoma. Kuna matuta kumi na manne, kila moja limezungushiwa mabanzi, na katikati mgomba mmoja ambao hawajawahi kuuona ukizaa kwa sababu ya baridi. Wanautunza kwa ajili ya maganda ya kufungia tu. Wote wanafunga lile fundo. Mtu mmoja aliwafundisha.

Watu hao ni wa kila mahali. Ciku ana viazi na sukuma. Kipkemboi, aliyekuwa mkimbiaji na sasa ana ng'ombe Kaptagat, huleta samadi kwa pikapu kila Jumamosi, na hata akibeba ndoo ya maji anaenda kama ameona utepe mbele. Mwenye kiwanja anaishi mbali na alimruhusu Mzee Wanyama kulima mradi pasijengwe. Hawatangazi, kwa sababu wanaogopa wakijulikana watu watakuja na vigingi vya kupimia.

Ciku akasema, "Huyu ndiye mke wa Okumu." Mzee Wanyama akavua kofia. Halafu akauliza, "Kavetsa mwenyewe?" na wote wakaangalia miguu yangu. Nikadhani nimekanyaga kitu. Mzee akasema, "Mama, tuliambiwa huwezi kutembea."

Ndivyo Eliakim alivyowaambia. Kwamba tuta ni la mkewe, na kwamba mkewe anavimba miguu, kwa hiyo yeye ni kibarua tu mpaka apone. Kila Jumamosi alikuwa anawapelekea salamu zangu, hata na mashauri. Ciku aliniambia, "Si ulisema nipunguze maji kwenye sukuma? Nilipunguza, zikapona." Nikacheka, Dada. Sikuwa nimecheka tangu Novemba. Wote wakacheka, na Kipkemboi akasema kwa mgonjwa nimeshuka mteremko vizuri sana. Halafu nikaliona tuta lenyewe na kicheko kikaniisha.

Kila tuta lina ubao wa jina. Lake limeandikwa KAVETSA. Kwa mkono wake, ile K yenye mguu mrefu.

Hakuna kilichopandwa. Kuna mabua makavu ya saga, na mche mmoja wa managu uliojiotea pembeni. Lakini udongo ni laini na umelowa. Nikauliza kwa nini, kama hakuna mmea. Mzee akasema wamekuwa wakilimwagilia zamu kwa zamu tangu Novemba, kwa sababu hakuna aliyejua nyumbani kwetu wala aliyekuwa na uso wa kuja kumuuliza mgonjwa.

Kwa hiyo sasa unajua. Jumamosi aliniambia anaenda kucheza bao na wenzake wa stoo, na udongo wa kwenye kucha nilidhani ni vumbi la magunia. Akitoka kwako alikuwa anapitia huko, anachuma, ndipo anakuja nyumbani. Akija kwako alikuwa anachuma pia. Mboga zote zilitoka tuta moja. Mimi sikupanda hata moja. Ningeweza kukuficha, maana jina langu liko pale kwenye ubao, lakini umekula miaka tisa ukidhani ni mkono wangu, na sitaki uendelee.

Nilimuuliza Mzee Wanyama kwa nini Eliakim alituficha. Akasema Eliakim alikuwa na siku yake kichwani. "Alisema, siku dada yangu atakapokuja Eldoret, nitawaleta wote wawili pamoja, wakute mboga iko tayari, wakose la kubishania."

Sasa nifike kwenye ombi. Wana sheria moja: tuta lisilopandwa mpaka Jumamosi ya kabla ya Pasaka hupewa anayengoja. Kuna mama wa Kapsoya anangoja tangu mwaka jana, na ni haki yake. Nilitaka kuchukua jembe siku ile ile. Mzee Wanyama akanizuia kwa upole. Anasema Eliakim alimweleza mara nyingi kwamba kwenu, mwaka wa msiba, mbegu ya kwanza hutoka kwa mkono wa mkubwa wa ukoo, na mjane akitangulia analeta mkosi. Yeye ni Mbukusu, lakini hataki desturi ya mtu ivunjwe kwenye shamba analolisimamia. Wote wanamwunga mkono.

Mkubwa aliyebaki ni wewe. Jumamosi hiyo ni tarehe kumi na tisa Aprili. Sitaki tuta hilo liende, Dada. Ni mahali pekee ambapo naona alikuwa anafikiria nini. Tafadhali njoo.

Kavetsa


Ndori
Jumatatu, 31 Machi 2025

Kwa Mama Amolo,

Nimekaa na barua yako siku tano bila kujibu.

Siku ya maziko ya Mama ulichuma magugu ukaweka kwenye sufuria pamoja na kunde, na mimi nikasema mbele ya wanawake wote kwamba mkono wako ni wa duka, kwamba mboga ikikuona inanyauka. Wakacheka. Nilikuwa nimezika mama asubuhi hiyo na nilitaka mtu wa kumuumiza. Uliweka mwiko chini ukaenda kukaa ndani ya gari la maiti, na hukukanyaga hapa tena mpaka tulipomleta Eliakim.

Kikapu cha kwanza kilipokuja, nilikielewa kama jibu. Nikasema, huyu mwanamke hakunitukana, amenionyesha. Nilikula nikiwa na aibu, na ilikuwa aibu nzuri. Nikawa natia njugu zangu bora kwenye kikapu, na mbegu nilizochagua moja moja kwenye ungo, ili ujue nimekubali. Majirani waliwahi kuniuliza naipata wapi saga nene hivyo nami nikawaambia, "Ni ya mke wa mdogo wangu, ana mkono." Nilisema hivyo kanisani pia.

Sasa unaniambia aibu yangu yote ilikuwa kwa kitu ambacho hakikuwepo. Yule alikuwa ananichezesha kama mtoto wa chekechea, anahamisha peremende kutoka mkono huu kwenda ule. Na siwezi kumkaripia.

Sitakuja. Magoti hayapandi gari, na tena nije kufanya nini? Tuta wampe huyo mama wa Kapsoya.

Lakini niambie udongo huo ni mwekundu au mweusi. Niambie jua la asubuhi linaangukia wapi. Mrenda aliufanyaje usife kwa baridi ya Julai, maana nilimuuliza akasema nikuulize wewe. Na huo mche mmoja wa managu, je, una maua meupe au bado?

Apiyo


West Indies, Eldoret
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Dada Apiyo,

Udongo ni mweusi juu, lakini ukichimba kiganja kimoja unakuta mwekundu. Jua la asubuhi linaanzia upande wenye ubao, linafika mwisho wa tuta kama saa nne. Mrenda aliufunika kwa neti ya mbu. Niliiona, imekunjwa chini ya benchi la Mzee Wanyama pamoja na gambuti za Eliakim za kuingilia matopeni. Nimeijua kwa kiraka. Ni ile neti ya kitanda chetu aliyosema imeliwa na panya, na mimi nikanunua nyingine na dawa ya panya juu yake. Sumu ilikaa kabatini mwaka mzima na hakuna panya aliyeigusa.

Managu imetoa ua moja jana. Jeupe.

Lile neno la siku ya maziko lilinikaa, sitakataa. Lakini lilikuwa kweli. Kwetu tulikuwa na duka, na mama yangu alikuwa ananunua mboga sokoni, sikuwahi kufundishwa. Nilimwambia Eliakim ndani ya lile gari, nikamwambia, "Amesema kweli ndiyo maana inauma." Alinishika tu kidole kimoja, hiki cha shahada, mpaka tukafika Kisumu. Nafikiri hapo ndipo tuta lilipoanza.

Usiseme aibu yako ilikuwa kwa kitu ambacho hakikuwepo. Njugu nilizokula zilikuwepo. Na nimefikiria hivi: mbegu zilikuwa zako kweli, hukudanganywa hapo. Aliposema "Dada amekusalimia" hakukosea sana. Uongo wote uliobaki ni juu yangu mimi, ni kwamba nimelima. Huo tu ndio sijui nitaufanya nini.

Sitapanda bila ruhusa ya kwenu. Kama huji, nitamwachia huyo mama tuta, nami nitauchukua ubao na neti. Jumamosi iliyopita niliuliza kama naweza kumwagilia na mimi, wakanipa zamu. Nilimwaga maji kwenye udongo mtupu mpaka jua likashuka. Si kazi mbaya.

Kavetsa


Ndori
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Kwa Mama Amolo,

Mwambie Mzee Wanyama kwamba amedanganywa na yeye. Kwetu binti aliyeolewa hafungui shamba la nyumbani kwao, hata awe mkubwa namna gani, hata awe mwalimu. Nimewauliza wazee wawili hapa ili niwe na hakika, na wote wamecheka. Kama tuta lingekuwa la Eliakim, nisingeweza kuligusa.

Lakini umeniandikia kwamba ubao unasema KAVETSA. Basi ni lako, na mwenye tuta ndiye hutangulia. Nafikiri alijua hivyo alipoandika. Ile hadithi ya mkubwa wa ukoo aliitunga ili siku moja wanilazimishe kuja. Hakuwaza tu kwamba siku hiyo ingefika mapema hivi.

Ijumaa Kuu nitakuwa hapo mchana. Mabonga, mkwe wa jirani, anakuja Eldoret kwa gari lake dogo na amekubali niweke mguu kwenye kiti cha mbele. Usinichinjie kuku. Mbegu ninazo. Mkono wa kwanza ni wako. Mimi nakuja kukushikia kikapu.

Apiyo


West Indies, Eldoret
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Dada Apiyo,

Miwani yako ilikuwa chini ya mto, kama nilivyosema ulipoanza kumlaumu Mabonga. Nimeifunga ndani ya kitambaa, angalia isianguke unapofungua.

Watu bado wanakuzungumzia. Mzee Wanyama amenyoosha matuta yake matatu tangu umwambie yamepinda kama mstari wa mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Kipkemboi anauliza utarudi lini, maana hajawahi kuambiwa na mtu akae chini na kupumua. Yule mama wa Kapsoya amepata nafasi. Ciku aligawa tuta lake la viazi katikati. Mama huyo anaitwa Amondi, na sasa tunapeana zamu za maji.

Nilitaka kukwambia kitu ambacho sikukisema siku ile kwa sababu wote walikuwa wanatutazama. Uliponiwekea mbegu za saga kiganjani, nilihisi ni nyepesi kama vumbi na nikaogopa upepo. Ukafunga mkono wangu kwa mikono yako miwili, ukasema, "Usizitupe, ziache." Nikaziacha. Nimekuwa nikirudia maneno hayo nikiwa peke yangu, si kwa mbegu tu.

Zilikaa siku saba bila kuonekana. Siku ya nane nilipokwenda kulikuwa na mstari wa kijani, mwembamba sana, na haukuwa umenyooka. Nimepunguza miche kama ulivyonielekeza. Sehemu nyingine nilikosea nikang'oa saga nikaacha gugu, na Ciku akacheka, nami nikacheka. Ile managu iliyojiotea nimeiacha izae mbegu.

Fundo lilinishinda wiki mbili. Nilifungua moja la zamani kutoka kwenye lile kopo la majani, nikafuata ganda lilivyokunjika, nikalifunga, nikalifungua, mpaka vidole vikaelewa. La kwanza kwenye kikapu ndilo baya zaidi. Usilikate, ni langu.

Wilson analeta kikapu hiki Jumatano. Kimejaa. Hakuna kilichonunuliwa wala cha mtu mwingine. Nimenusa kabla ya kufunga.

Na Dada, nimewauliza kina mama wa kwetu kanisani. Hakuna Mmaragoli aliyewahi kusikia kwamba mtu hashukuriwi kwa alicholima. Kwa hiyo safari hii nishukuru. Nitangoja.

Wako,
Kavetsa


Ndori
Jumatatu, 9 Juni 2025

Nyar Maragoli,

Hilo ndilo jina nililokuita, binti wa Maragoli, siku ile Eliakim alipokuleta mara ya kwanza, umevaa gauni la njano, kabla sijaharibu. Nalirudisha.

Miwani imefika. Mboga zimefika. Saga ina mchanga kwenye shina, hukuiosha vizuri, na umechuma majani ya chini mno. Nimepika zote, nimekula mwenyewe, sikumpa jirani hata kidogo. Fundo la kwanza sikulikata, nimelitundika kwenye msumari wa kalenda.

Kikapu kinarudi na Wilson. Angalia chini ya njugu, kuna mbegu.

Asante.

Apiyo